Mwanafunzi, Mfanyabiashara na Mpaka: Historia ya Gharama za Masomo ya Ugenini Butembo na Beni

Utangulizi

Mtu akipima kwa mstari ulionyooka juu ya ramani, ataona kwamba kutoka Butembo hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,600, ilhali kutoka Butembo hadi Kampala hazifiki 400. Jambo hili la jiografia limeamua mengi katika maisha ya watu wa Kivu ya Kaskazini, nalo halina budi kutangulizwa na yeyote anayetaka kuelewa jinsi familia za Butembo na Beni zilivyowasomesha vijana wao mbali na nyumbani. Makala haya yanachunguza upande mmoja tu wa habari hiyo, nao ni upande wa fedha: ilipatikanaje, ilisafirije, na mwanafunzi aliitumiaje hata imfikishe mwisho wa muhula.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, tangu miaka ya 1960, shida kubwa ya mwanafunzi wa Butembo au Beni aliyekuwa ugenini mara nyingi haikutokana na ufukara wa wazazi wake. Fedha ilikuwapo, ila haikuwa fedha mahali alipokuwa. Serikali iliyochapa noti haikuweza kuzipa thamani ng'ambo ya mpaka, na wakati mwingine hata ndani ya mpaka, hivyo kazi hiyo ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara. Kwa sababu hiyo historia ya mfuko wa mwanafunzi haiwezi kutenganishwa na historia ya biashara ya Wanande, ambao pia hujiita Bayira, na kila biashara hiyo ilipokatika mwanafunzi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuona njaa.

Enzi ya bursi

Vyuo vikuu vya kwanza vya Kongo vilikuwa mbali na milima ya Lubero na bonde la Semuliki. Lovanium ilifunguliwa karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, mwaka 1954. Chuo Kikuu cha Elisabethville, leo Lubumbashi, kikafuata mwaka 1956. Na Waprotestanti wakaanzisha chao Stanleyville, leo Kisangani, mwaka 1963. Kijana wa Butembo aliyejiunga na mojawapo alikuwa raia kwa sheria, lakini kwa lugha, chakula na nauli alikuwa mgeni. Kilichomweka huko ni bursi, yaani posho ya masomo iliyotolewa na serikali.

Bursi hiyo iliwahi kuwa chanzo cha umwagaji damu. Mwaka 1967 faranga ya Kongo iliondolewa na zaire ikaingizwa, zaire 1 ikilingana na dola 2 za Marekani. Bei za vitu mjini Kinshasa zilipanda, lakini bursi haikupanda kwa kiasi hicho. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana wakidai, pamoja na mambo mengine, nyongeza ya posho, na askari wakawapiga risasi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, wanafunzi wengi wa chuo hicho waliandikishwa jeshini kwa nguvu, na vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa chuo kimoja cha taifa. Wanaoandika juu ya matukio haya wamezoea kuyaweka katika historia ya siasa, na si kosa. Hata hivyo, yapaswa kukumbukwa kwamba jambo lililowatoa vijana wale mabwenini asubuhi ile lilikuwa kwanza hesabu ya chakula na nauli.

Kwa wale waliopelekwa Kisangani hali ilikuwa nafuu kidogo, na nafuu hiyo inaonyesha mapema njia itakayotumika baadaye ugenini. Malori ya wafanyabiashara wa Kinande yalipeleka maharage, viazi na mboga kutoka nyanda za juu hadi Kisangani, na Wanande wakajipatia nafasi kubwa katika soko la mji huo. Mwanafunzi aliyekuwa na mjomba au jirani katika biashara hiyo hakulazimika kungoja noti. Alipokea gunia, akala sehemu yake na kuuza iliyobaki. Gunia la maharage lilihifadhi thamani kuliko zaire.

Kwamba noti inaweza kufa ghafla kulidhihirika Desemba 1979, pale serikali ya Mobutu ilipotangaza kuwa noti za zaire 5 na zaire 10 si halali tena, na kwamba zingebadilishwa katika siku chache tu na kwa kiasi chenye kikomo. Waliokuwa karibu na benki, na wenye jamaa ndani ya benki, waliokoa sehemu ya mali yao. Wakulima na wachuuzi wa mikoani, ambako tawi la benki lilikuwa safari ya siku nzima au zaidi, walibaki na makaratasi. Mzazi aliyekuwa ameweka akiba ya masomo sandukuni alijifunza siku hizo asiweke tena akiba kwa noti za nchi yake.

Kahawa na shilingi

Njia ya kutoka katika hali hiyo ilikwisha kuandaliwa na wafanyabiashara. Vwakyanakazi Mukohya, katika tasnifu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison mwaka 1982 kuhusu wafanyabiashara wa Butembo baina ya 1960 na 1980, na baadaye katika sura yake ndani ya kitabu cha Janet MacGaffey cha mwaka 1991 kuhusu uchumi halisi wa Zaire, ameonyesha jinsi biashara ya eneo hilo ilivyokua nje ya taratibu za serikali. Kahawa na dhahabu zilitoka. Nguo, vipuri, magari na bidhaa za madukani zikaingia, nyingi zikipitia Uganda na bandari ya Mombasa. Amri ya Novemba 1973 iliyowanyang'anya wageni maduka na mashamba yao ilivuruga sehemu nyingi za Zaire, lakini Butembo ilikuwa na wafanyabiashara wenyeji waliokuwa tayari kushika nafasi hizo. Jalidi iliyounguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ikapandisha bei ya kahawa duniani, na mpaka wa Kasindi ukawa na thamani ambayo hakuna waziri aliyeipanga.

Hapa ndipo mwanafunzi anapoingia. Tuseme kuna baba wa Butembo mwenye zaire alizopata kwa kuuza mazao, na mwanawe yuko Kampala au Nairobi akihitaji shilingi. Na kuna mfanyabiashara aliyeuza kahawa ng'ambo. Yeye ana shilingi kule, lakini anahitaji zaire hapa ili anunue kahawa nyingine kwa wakulima. Watu hao wawili wakikutana, hakuna haja ya noti hata moja kuvuka mpaka. Baba humpa mfanyabiashara zaire Butembo, na mtu wa mfanyabiashara humpa kijana shilingi Kampala. Kiwango cha kubadilisha hakikuwa kile cha benki kuu, bali kile kilichojulikana sokoni wiki hiyo. Mara nyingi hapakuwa na hati. Kulikuwa na barua iliyobebwa na dereva, jina la ukoo, na kujuana kwa parokia au kijiji.

Utaratibu huu una jamaa zake katika bahari yote ya Hindi, na wasomaji wa historia ya pwani watautambua mara moja. Tofauti ni kwamba pwani ulikuwa na majina, taratibu na watu maalumu wa kuuendesha, ilhali Butembo ulikuwa fadhila iliyoambatana na biashara. Ukiwa fadhila, ulikuwa na gharama ambayo haikuandikwa. Familia iliyosaidiwa ilitarajiwa kumuuzia kahawa mfanyabiashara huyo na si mwingine. Kijana naye, akiwa mjini ugenini, alitumwa kuulizia bei ya mabati, kusimamia mzigo ghalani, kutafsiri barua ya Kiingereza. Baadhi ya maandishi huusifu mno umoja wa Wanande na kuusahau upande huu. Msaada ulikuwapo, lakini uliwafikia kwanza walio karibu na biashara. Mtoto wa mkulima asiye na lori wala mjomba mwenye lori alibaki shule ya misheni.

Hata shilingi haikuwa salama. Mei 1987 Uganda ilibadilisha sarafu yake, shilingi 100 za zamani zikawa 1 mpya, na juu ya hapo ikakata kodi ya asilimia 30 katika kubadilisha. Mwanafunzi au wakala aliyekuwa ameweka shilingi za muhula mzima alipoteza karibu theluthi moja kwa siku moja, naye asiwe na pa kulalamika.

Askofu, chuo na kuanguka kwa zaire

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bursi ya serikali ilikuwa imekwisha kuwa jina tupu, na Zaire ikaruhusu vyuo vikuu vya binafsi. Mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeliongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966, alianzisha Chuo Kikuu Katoliki cha Graben mjini Butembo. Jina Graben ni la bonde la ufa. Chuo hicho kimezoeleka kuelezwa kama tendo la kidini na la maendeleo, jambo ambalo ni kweli. Lakini kikitazamwa kwa macho ya mzazi kilikuwa pia jibu la hesabu. Chumba, ugali na sombe vilivyokuwa vikinunuliwa ugenini kwa sarafu ya kigeni sasa vilikuwa nyumbani. Aliyesafiri sasa ni mwalimu: maprofesa wageni waliletwa kutoka vyuo vya mbali, wakafundisha somo la mwaka kwa majuma machache, wakarudi. Gharama ya safari moja ya profesa iligawanywa kwa darasa zima.

Ada ya chuo huitwa minervali nchini Kongo. Neno hilo limetoka katika Kifaransa cha Wabelgiji, nalo lina asili yake katika jina la Minerva, mungu wa kike wa hekima kwa Warumi. Kiswahili cha Butembo kimelipokea bila taabu, kama kilivyopokea bursi, kambisti kwa mbadilishaji fedha wa barabarani, na makuta. Neno hili la mwisho lastahili kuangaliwa. Makuta 100 zilikuwa zaire 1. Sarafu yenyewe imekwisha kutoweka, lakini watu wa Kongo wameendelea kuita fedha yoyote makuta, hata dola.

Na dola ndiyo iliyoshinda. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ilitoa noti ya zaire milioni 5, ambayo thamani yake ilikuwa kama dola 2. Wapinzani waliikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo walifanya ghasia Januari 1993. Oktoba mwaka huohuo ikaja zaire mpya, 1 kwa milioni 3 za zamani, nayo haikupona. Mwaka 1994 mfumuko wa bei ulipita asilimia 9,000. Katika hali hiyo minervali iliyotajwa kwa zaire mwezi wa kwanza ilikuwa nauli ya siku moja mwezi wa kumi. Ada, kodi ya nyumba na mahari vikaanza kuhesabiwa kwa dola, na wenye kulipwa kwa sarafu ya nchi, yaani walimu na makarani, ndio waliotumbukia. Mwalimu wa sekondari aliyewatayarisha wengine kwenda chuo kikuu hakuweza tena kumpeleka wake.

Wakati huohuo ng'ambo ya mpaka milango ilikuwa inafunguka kwa wenye kulipa. Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922, ilianza kupokea wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs kikafunguliwa Nkozi mwaka 1993. Na vingine vikafuata, kikiwamo Kampala International University mwaka 2001. Maduka ya kubadilisha fedha yalikuwa halali Kampala tangu 1990. Kwa familia yenye dola, Uganda ikawa na faida ambayo Kinshasa haikuwa nayo: lori la Ijumaa.

Miaka ya mstari wa mbele

Vita vilivyoanza Agosti 1998 viligeuza maana ya ugenini. Butembo na Beni zilikuwa upande wa waasi, na baadaye Beni ikawa makao ya kundi la RCD-ML likisaidiwa na Uganda. Kwa mtu wa Butembo, kufika Kinshasa kulikuwa kwanza kwenda nje ya nchi, mara nyingi kupitia Entebbe au Nairobi. Mwanafunzi aliyekuwa amebaki Kinshasa alikatwa na nyumbani kuliko mwenziwe wa Kampala. Tena, Januari 1999 serikali ya Laurent-Désiré Kabila ilipiga marufuku matumizi ya fedha za kigeni, marufuku iliyoondolewa mwaka 2001. Katika miaka hiyo miwili dola aliyotumiwa mwanafunzi na wazazi wake, hata ikimfikia, ilikuwa kosa la jinai mfukoni mwake. Faranga mpya ya Kongo, iliyotolewa Juni 1998 kwa kiwango cha 1 kwa zaire mpya 100,000, ilizaliwa wiki chache kabla ya vita na kukulia ndani yake.

Kataliko mwenyewe, akiwa Askofu Mkuu wa Bukavu tangu 1997, alizuiwa na waasi wa RCD Februari 2000 kurudi jimboni mwake, akapelekwa Butembo alikokaa miezi kadhaa karibu na chuo alichokianzisha. Alifariki Roma Oktoba mwaka huohuo.

Hesabu ya mwezi

Yafaa sasa kuangalia kwa karibu matumizi ya mwanafunzi wa Butembo au Beni aliyefika Uganda baada ya vita hivyo. Gharama ya kwanza haikuwa ada bali lugha. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa miaka 12 alilazimika kutumia miezi, mara nyingine mwaka mzima, kujifunza Kiingereza, na muda wote huo alikula na kulipa chumba bila kupata mkopo wowote wa shahada. Kiswahili chake kilimfaa mpakani na Nairobi. Kampala, ambako lugha hiyo kwa muda mrefu ilihusishwa na kambi za askari, hakikumpunguzia bei sokoni.

Kasese ilikuwa tofauti. Wakonzo wa Uganda na Wanande wa Kongo ni watu wa asili moja wenye lugha moja, nao waligawanywa na mpaka uliochorwa na wakoloni kupita Ruwenzori na mto Lhubiriha. Mwanafunzi aliyepata nafasi karibu na Kasese au Bwera aliweza kulala kwa ndugu na kula chunguni kwao. Alilipa kwa kupeleka chumvi, sabuni au kitambaa, na kwa kusaidia shambani siku za likizo.

Aliyeendelea hadi Kampala aliingia katika uchumi wa vyumba vya pamoja. Watu watatu au wanne kutoka mtaa mmoja wa Butembo walipanga chumba, wakanunua unga na maharage kwa pamoja, na chakula cha mchana kikawa kikomando, yaani chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, chakula ambacho kimewalea wasomi wengi kuliko mabweni. Wengi walicheza likirimba: kila mmoja alitoa kiasi kile kile kila mwezi, na mmoja akapokea chote kwa zamu. Likirimba ilifaa hasa kwa sababu fedha za nyumbani hazikuja kwa mwezi bali kwa safari. Zamu ziliweza kupangwa ili anayekaribia mtihani apate wakati ada inapodaiwa, kwani asiyekamilisha ada hakuruhusiwa kuingia chumba cha mtihani.

Kulikuwa pia na hasara isiyoonekana katika bajeti yoyote, nayo ni hali ya noti. Kongo noti ya dola iliyochanika hata kidogo pembeni hukataliwa, na ile ya dola 1 haipendwi. Uganda mchaniko mdogo hausumbui sana, lakini noti ya zamani au ya kiasi kidogo hubadilishwa kwa bei ya chini kuliko ya dola 100 iliyo mpya. Mama wa Butembo aliyekusanya dola 5 na dola 10 kwa mwaka mzima alipaswa kwanza kumlipa kambisti ili apate noti kubwa na safi; asipofanya hivyo, mwanawe ndiye aliyelipa tofauti hiyo Kampala.

Waliokwenda mbali zaidi walikuwa wachache. Wafanyabiashara wa Butembo walipoanza kununua Dubai na baadaye Guangzhou, vijana waliosoma Uchina waligeuka wakalimani na wapokeaji wa mizigo, kama wenzao wa Kampala walivyokuwa kizazi kimoja kabla.

Simu na mipaka iliyofungwa

Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, MTN ikaanza ya kwake Uganda mwaka 2009, na Vodacom ikaileta M-Pesa Kongo Novemba 2012. Ingetarajiwa kwamba mfanyabiashara aondoke katika habari hii, lakini hakuondoka. Mitandao ya pande mbili haikuwa moja, na sarafu ni tofauti. Hivyo wakala wa mpakani mwenye laini za nchi zote mbili alipokea dola kwenye simu moja na kutuma shilingi kwa nyingine, akakata faida yake katikati. Ni kazi ileile ya muuza kahawa wa mwaka 1980, ila barua ya dereva imekuwa ujumbe wa simu.

Misukosuko nayo haikukoma. Mauaji ya raia katika eneo la Beni yaliyoanza Oktoba 2014 yaliwatoa wakulima mashambani, na pamoja nao kakao na kahawa zilizokuwa zikilipa ada. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na kumalizika rasmi Juni 2020 baada ya vifo zaidi ya 2,200, ilikuwa na vitovu vyake Beni, Butembo na vijiji vya jirani. Juni 2019 wagonjwa wa kwanza waligunduliwa ng'ambo, wilayani Kasese. Machi 2020 Uganda ilifunga mpaka kwa abiria kwa sababu ya UVIKO-19, lakini malori ya mizigo yaliendelea kupita. Vyuo vilifungwa, na waliokwama Kampala hawakuwa na darasa wala njia ya kurudi, huku mwenye chumba akiendelea kudai kodi. Shehena iliyovuka wakati huo, na dereva aliyebeba pamoja nayo bahasha ya mtu, ilikuwa kwa baadhi yao tofauti kati ya kula na kutokula.

Tarehe 8 Aprili 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Julai mwaka huo ikawa mwanachama kamili. Katika vyuo vinavyotenganisha ada za wananchi, za wanajumuiya na za wageni wengine, swali la Mkongo aandikwe safu ipi likawa swali la ada ya muhula mzima. Safari kwa upande mwingine pia ilikuwa imeanza kupungua umuhimu kwa baadhi ya familia: mwaka 2007 David Kasali, aliyewahi kuongoza chuo cha teolojia cha Kiinjili mjini Nairobi, alianzisha Beni chuo kikuu cha Kikristo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza pamoja, na mwaka ule mmoja wa kujifunza lugha ukaweza kutumika bila kuvuka Kasindi.

Sarafu moja ya Jumuiya, iliyowekewa saini mjini Kampala Novemba 2013 na kutarajiwa mwaka 2024, imeahirishwa hadi 2031. Mpaka hapo, mzazi wa Butembo anaendelea kupata faranga, kuhesabu kwa dola na kulipa kwa shilingi.